Kesi ya Gari Lililowaka Lenyewe

Nchi ninayoisimulia haipo. Msomaji atakayeitambua kabla ya kumaliza ukurasa huu ajilaumu mwenyewe kwa udaku wake, maana mimi nimechukua tahadhari zote: sitaji jina lake, sitaji mito yake, na hata rangi za bendera yake nimezisahau kwa makusudi. Nitasema tu kwamba ilikuwa nchi ya milima, yenye watu wapole, na serikali yenye gari moja.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu. Mheshimiwa Rais alipanda mbele. Nyuma walipanda, kwa zamu, wagonjwa, mbegu za mahindi, masanduku ya kura, wafungwa na kwaya ya taifa. Zilikuwapo siku ambazo vyote hivyo vilisafiri pamoja, na siku hizo kwaya iliombwa ikalie masanduku ya kura yasidondoke. Majirani waliokuwa na magari mengi walituonea wivu, kwani katika magari yao yote hapakuwa na hata moja linalosalimiwa na watoto kwa heshima ya shikamoo.

Kama chombo chochote kinachotumika sana na kutunzwa kwa hotuba, gari hilo lilikuwa na kasoro zake. Sioni haya kuzieleza, kwa sababu ukomavu wa taifa hupimwa kwa namna linavyokabili kasoro.

Indiketa ya kulia ilipokufa, Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa tamko kwamba nchi hii haina mpango wa kwenda kulia. Dereva aliyetaka kufika kulia alikata kushoto, akakata kushoto tena, na tena, mpaka akajikuta alikokusudia. Kwa njia hiyo serikali ikavijua vichochoro vingi ambavyo isingevijua. Rejeta ilipoanza kuvuja na gari likawa linachemka kila mlima, redio ilitangaza kuwa Mheshimiwa anakaribia, ametanguliwa na wingu. Breki zilipokwisha mpaka chuma kikasaga chuma, mlio wake uliandikishwa kisheria kuwa king'ora. Na mshale wa mafuta ulipokwama mahali palipoandikwa kwamba tangi limejaa, ulipelekwa bungeni kila mwaka kama ushahidi wa akiba ya taifa, wabunge wakauchungulia mmoja mmoja na kutoka wametulia.

Kasoro zote hizo ziliishi kwa amani na raia. Iliyoleta msiba ni ile ya kuwaka.

Siku hiyo Rais alikuwa akitoka kuzindua josho la ng'ombe. Alipanda, akafunga mlango, dereva akazungusha ufunguo, gari likasema *tak* na kunyamaza. Taa zinawaka, ufunguo unazunguka, gari linasema *tak*: katika nchi ile hata bibi aliyekuwa akiuza maandazi kando ya josho alijua ugonjwa huo ni vichwa vya betri. Umeme, kama ajuavyo kila aliyefungua kitabu, haupendi kupita mahali pachafu wala palipolegea.

Dereva aliitwa Chande Limbende. Alikuwa fundi pia, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye majivuno yasiyolingana na mshahara wake. Akiona gari la mtu linapita alisikiliza mlio wake na kumwambia mwenyewe, bila kuulizwa, litakapomharibikia. Alifungua boneti, akaona ukoko mweupe umevifunika vichwa vya betri kama uji uliokauka kwenye midomo ya mtoto, akaomba maji ya moto.

Lakini pembeni walikuwa wamesimama wageni wa nchi za nje pamoja na Dokta Ludovick Mahimbo, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo Mengineyo. Dokta Mahimbo aliona hatari ambayo fundi hawezi kuiona. Aliona Mkuu wa Nchi anasubiri maji ya moto mbele ya wageni, kama mgonjwa anayesubiri kukandwa. Akafunga boneti, vidole vya Limbende vikiwa bado ndani, akawageukia wananchi na kuwaambia wamsukume kiongozi wao.

Walisukuma. Gari likashtuka, likawaka, likaondoka na vumbi lake. Rais akaomba lisimamishwe, akashuka na machozi mashavuni.

“Nimeiongoza nchi hii siku zote hizi,” aliwaambia, “bila kujua uzito wangu mikononi mwenu.”

Wageni walipiga makofi. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria kwamba gari la umma halitawaka pasipo mikono ya umma, Rais akapewa cheo cha Msukumwa Mkuu, na Dokta Mahimbo akapewa wizara mpya ya kusimamia jambo hilo.

Wizara ya Msukumo ilikua haraka kuliko zote. Ilikuwa na Mkurugenzi wa Mkono wa Kulia na Mkurugenzi wa Mkono wa Kushoto, ambao hawakusalimiana. Ilikuwa na chuo ambako kijana alisoma nadharia miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kugusa bati. Mawaziri walijipanga nyuma ya bodi, wamevaa glavu nyeupe, wakigusa kwa ncha za vidole. Nyuma yao wabunge waliwasukuma mawaziri. Nyuma ya wabunge walikuwa wananchi, ambao ndio waliosukuma kitu. Ofisi zote za serikali zilihamishiwa penye mteremko. Madereva wengine wote wa zamu walipandishwa vyeo wakawa wasukumaji waandamizi, na kwa kuwa si heshima kwa msukumaji mwandamizi kukaa mbele, walisahau kuendesha. Akabaki Limbende peke yake, ambaye hakupandishwa cheo kwa sababu ya mdomo wake.

Haya yangeendelea mpaka leo kama si mshono wa glavu.

Siku moja kabla ya Sikukuu ya Msukumo, mawaziri walichelewa kwa fundi cherehani aliyekuwa akiwapima vidole. Limbende alikuwa ameachwa uwanjani kulilinda gari. Jua linawaka, hana la kufanya, na mikono ya fundi asiye na la kufanya huwasha. Alifungua boneti kutazama tu. Ukoko ulikuwa umekua, umetoa matawi. Baadaye mahakamani alieleza kwamba alijizuia kadiri alivyoweza, lakini ule uchafu ulikuwa unamtazama. Akaomba maji ya moto kwa mama ntilie, akamwagia, akasugua kwa msasa mpaka risasi ya vile vichwa ikang'aa, akakaza nati kwa spana namba kumi. Akafunga boneti na kwenda kunywa chai, roho yake imetulia kwa mara ya kwanza tangu siku ya josho.

Kesho yake uwanja ulifurika. Rais aliketi mbele, kifua kimejaa nishani. Mawaziri waliinama kwenye bodi, uzito wao wote umelalia pikapu, glavu zinang'aa. Bendi ilikuwa bado inapasha vinanda. Sheria ilisema dereva azungushe ufunguo nusu tu, asubiri kusukumwa. Limbende hakukusudia ubaya. Alitaka kusikia kazi yake, basi. Akauzungusha wote.

Gari likawaka kwa pigo moja, likaruka mbele. Mawaziri, waliokuwa wameegemea kitu ambacho hakipo tena, walianguka kifudifudi kwa kufuata ukubwa wa vyeo. Wabunge wakawaangukia mawaziri. Wananchi, ambao ndio waliozoea kubeba uzito, walisimama wima wakatazama.

Hapakuwa na aliyecheka. Hilo ndilo lililowaudhi zaidi mawaziri, maana ukimya ule ulikuwa wa watu wanaojizuia.

Limbende alishitakiwa kwa kosa la kukaza. Mahakama ilijaa mpaka madirishani, na mwendesha mashitaka, mtu mwenye sauti ya mazishi, alimwinulia ile spana imefungwa katika mfuko wa nailoni.

“Mshitakiwa, ulikaza?”

“Nilikaza, Mheshimiwa.”

“Kwa idhini ya nani?”

“Ya nati yenyewe. Ilikuwa imelegea.”

“Na wewe ulijuaje kwamba imelegea?”

“Mheshimiwa, hilo kila mtu anajua.”

Hapo vichwa vyote viliinama vikaangalia sakafu. Jaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akasema kwamba shutuma hiyo ni nzito kuliko kosa lenyewe. Ikiwa kila mtu anajua, basi kila mtu ni mshirika. Akaagiza yeyote ndani ya mahakama anayejua kwa nini gari lilikuwa haliwaki anyooshe mkono. Hakunyoosha mtu. Mama ntilie aliyetoa maji ya moto alikaa juu ya mikono yake yote miwili. Jaji akafurahi, akaandika kwamba mahakama ni safi, na tangu siku ile ikawa ni hatia katika nchi hiyo kuonekana unajua lolote lililo chini ya boneti.

Hukumu ilikuwa kifungo cha maisha katika gereza la mpakani, lililojengwa kileleni kabisa, mahali nchi inapoishia na barabara kuanza kushukia kwa jirani. Mtu aliyeingia humo hakutoka. Kwa desturi mke wa mfungwa aliruhusiwa kumsindikiza mpaka ukutani, kisha alirudi peke yake. Ila serikali, kwa huruma yake, iliweka mlango mmoja wazi: kama mshitakiwa atalirudisha gari katika ubovu wake wa awali kwa mikono yake mwenyewe, atasamehewa.

Mke wa Limbende, Bi Sikudhani, alipanda kilima cha mahabusu na kapu la viazi. Walikuwa wamezaa binti mmoja, Mwasiti, ambaye ameolewa huko ng'ambo ya mpaka na alikuwa hajawaona wazazi wake tangu harusi, kwa sababu gari la serikali halikuwa likienda mahali pasipo na wasukumaji. Sikudhani alizungumza na mumewe kupitia wavu.

“Baba Mwasiti, wanataka kitu kidogo tu. Ilegeze nati, turudi nyumbani.”

“Mama Mwasiti, mimi ni dereva daraja la kwanza. Sijapata kulegeza kitu kizima.”

“Paa letu je? Si umeliacha linavuja tangu masika ya juzi?”

“Lile paa si gari.”

“Na mimi si gari. Ndiyo maana hujawahi kusikiliza ninavyolia.”

Askari wa zamu akageukia ukuta, asicheke. Limbende alimenya kiazi taratibu. Akasema kwamba mtu akiishi kwa kutengeneza, akaja akaharibu mara moja kwa kutishwa, kila atakachotengeneza baada ya hapo kitakuwa cha wizi.

“Unadhani huo ni ushujaa,” Sikudhani akamwambia. “Hicho ni kiburi, kimevaa ovaroli.”

“Ndicho kilichobaki. Vingine vyote wameviorodhesha wakaviweka stoo.”

Aliondoka bila kumuaga, akafika nusu ya kilima, akarudi kumwachia chumvi.

Sasa serikali ilikuwa katika shida isiyokuwa na mfano. Ilikuwa na gari zima. Kila ufunguo ulipozungushwa gari liliwaka, na Wizara nzima ilisimama nyuma yake na glavu zake kama watu waliokuja harusini wakakuta bibi harusi ameshaondoka. Kulegeza nati ile kungechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Lakini nani ailegeze? Atakayeinyooshea kidole amekiri kwamba anajua, na anayejua ni mshirika.

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Chanzo cha Uzima wa Gari. Wajumbe walichaguliwa kwa sifa ya kutojua, na ushindani ulikuwa mkali: akachukuliwa profesa wa falsafa ya msukumo, malenga wa taifa, na mzee aliyekuwa bingwa wa kunyanyua vyuma. Mwenyekiti alikuwa Dokta Mahimbo. Walifungua boneti kwa tahadhari, wakaiona betri mara moja, na wote wanne wakaizunguka kwa mbali wakiwa wamegeuza nyuso, kama mtu aliyekutana na mama mkwe wake njia ya kisimani.

Walianza na fyuzi. Walitoa fyuzi ya taa, Limbende akaletwa na pingu zake azungushe ufunguo; gari likawaka. Walitoa maji ya waipa, likawaka. Walipunguza upepo magurudumu yote, likawaka, limechuchumaa. Profesa aliandika kwamba huenda tatizo liko kwenye viti, vikatolewa viti, likawaka. Wakatoa mkanda wa feni, likawaka na kuchemka mpaka malenga akaunguza ndevu. Kila lilipowaka Limbende alitabasamu, na tabasamu hilo likaingizwa kwenye kumbukumbu kama kuzuia uchunguzi.

Walikwenda kwa Rais na taarifa kwamba gari linaugua uzima sugu. Dokta Mahimbo alishauri lipigwe nyundo. Rais alikataa, akaagiza kila kilichotolewa kirudishwe.

“Sitaki gari life,” akasema kwa uchungu. “Gari likifa sina mahali pa kukaa. Nataka liwe hai, ila liwahitaji watu.”

Ni lazima nimpe Dokta Mahimbo haki yake. Usiku mmoja wa mawazo ulimtosha kuona kitu ambacho tume nzima haikukiona: kwamba kulegeza ni ufundi, na ufundi ni hatia, lakini kukata ni uzinduzi. Serikali ile ilikuwa imekata utepe wa visima visivyo na maji na wa madaraja yasiyo na mto. Haikuwa na spana, ila mikasi ilikuwa nayo tele.

Basi ikatangazwa siku ya Uzinduzi wa Ubovu. Pikapu lilisimamishwa mbele ya Ikulu, boneti wazi, na kila waya uliofungwa ndani yake ulivikwa utepe mwekundu. Mkasi uliletwa juu ya mto wa hariri. Limbende alikuwa kwenye usukani na pingu, kazi yake kuzungusha ufunguo kila baada ya mkato.

Rais alikata waya wa kwanza. Bendi ikapiga. Ufunguo ukazungushwa, gari likawaka. Aliyekufa alikuwa honi. Wakashangilia honi. Waya wa pili ulikuwa wa waipa. Ukafuata wa taa ya ndani, na wa redio, iliyokuwa wakati huo inatangaza sherehe hiyohiyo na ikakatika katikati ya jina la Rais. Umati ulianza kuchoka, watoto wakaomba maji. Mkasi wenyewe ulikuwa umeanza kupoteza makali ulipoufikia ule waya mwembamba unaoshuka kwenye stata, mota inayoiamsha injini.

Ufunguo ukazungushwa. Kimya. Hata *tak* haikusikika.

Rais aliuinua mkasi juu, na sauti ya watu ikapanda mpaka ndege wakaruka kutoka paa la Ikulu.

“Wananchi, ninauzindua rasmi ubovu huu,” alisema. “Si ubovu wa kuazima, wala wa msaada. Tumeuleta wenyewe, kwa mkono wetu. Naomba muutunze, ili watoto wetu waje waukute.”

Limbende alilia kwenye usukani. Magazeti yaliandika kwamba alilia kwa uzalendo.

Msamaha hakupata. Ubovu umeletwa na Rais, akaelezwa, si na yeye, sharti halikutimizwa. Angepelekwa mpakani alasiri hiyohiyo. Wafungwa husafirishwa kwa gari la serikali, gari la serikali huendeshwa na dereva wa serikali, na dereva wa serikali alikuwa mfungwa. Mawakili walilitazama jambo hilo, wakaona halina kasoro. Alifunguliwa pingu ili aweze kushika usukani. Askari wawili waliokuwa wamlinde wakaombwa na wao wasukume, kwa kuwa siku hiyo kila mkono ulihitajika. Sikudhani aliruhusiwa kukaa mbele, kama desturi ilivyoruhusu, na kapu lake mapajani. Hakumtazama mumewe.

Rais, ili picha ipigwe, aliweka kidole kimoja kwenye bodi.

Hapo ndipo historia ilipokata kona, na kona yenyewe haikuwa na indiketa. Walisukuma, pikapu likatembea, lakini halikuwaka. Wakasukuma tena mpaka chini ya mteremko wa Ikulu, linatembea, haliwaki. Mpiga picha alishamaliza. Lakini waziri gani ataondoa mkono wake wakati kidole cha Rais kingali kwenye bati? Na Rais ataondoaje kidole chake wakati watu wanasukuma, isemwe kwamba katika nchi nzima yeye ndiye aliyechoka wa kwanza? Wakaendelea. Wakapita soko. Wakapita josho la ng'ombe, ambalo lilikuwa limekauka. Watu waliokuwa kando ya barabara waliliona gari linasukumwa, wakapiga vigelegele na kumpungia mkono aliye ndani, kama walivyozoea, na Limbende, kwa adabu, akawapungia.

Penye tambarare Dokta Mahimbo alihema na kuwaeleza wenzake kwamba ubovu wa zamani ulikuwa mdogo, wa kijiji. Huu ni wa kitaifa, lazima usukumwe kitaifa. Glavu zilikuwa zimepata rangi ya udongo. Mkurugenzi wa Mkono wa Kulia na Mkurugenzi wa Mkono wa Kushoto walisalimiana kwa mara ya kwanza, kwa kugongana.

Nitamweleza msomaji jambo ambalo wao hawakuelezana. Gari linaloshtuliwa kwa kusukumwa hutiwa gia, dereva akakanyaga klachi, na likishika mwendo huiachia ghafla. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na huo waya wa stata hauhitajiki hata kidogo. Dereva asipoiachia klachi, gari huteleza tu, jepesi kama mkokoteni, hata likisukumwa mpaka ufukweni. Kila mtu aliyekuwa nyuma ya lile pikapu alikuwa amesukuma magari maisha yake yote. Kila mmoja, kuanzia yule mwenye kidole kimoja, alihisi kwenye viganja vyake kwamba bati lile ni jepesi mno, na kwamba hiyo ni klachi, na kwamba klachi haijikanyagi yenyewe. Lakini kusema hivyo ni kusema unajua kilicho chini ya boneti. Wakatazamana, wakakohoa, wakasukuma.

Mlima wa mpakani uliwamaliza. Waliupanda wakiimba mwanzoni, kisha wakiguna, kisha bila sauti yoyote. Wabunge walianguka mmoja mmoja kando ya njia kama maembe mabovu. Jua lilikuwa limeinamia upande wa jirani walipofika kileleni, mbele ya ukuta wa gereza, ambako bwana jela alikuwa amesimama na ufunguo mkubwa na kikosi cha kumpokea mfungwa. Kikosi kilipoona Rais anatokea nyuma ya gari, koti limelowa, kikapiga saluti. Mtu anayepiga saluti hawezi kukamata kitu.

Pikapu lilipita mbele ya saluti hiyo polepole, likafika pale barabara inapoinama, likasita kama linalofikiri. Kisha likaanza kushuka.

Mikono yote ilibaki hewani. Kidole cha Rais kilibaki hewani. Kwa kitambo walisikia upepo tu na mawe yakisagwa na magurudumu, halafu chini kule, karibu na ile kamba ambayo jirani anaiita mpaka, injini ikanguruma kwa pigo moja. Mlinzi wa jirani aliona gari linakuja na wingu la mvuke, akateremsha kamba.

Dokta Mahimbo alijikusanya kuliko wote. Siku iliyofuata alitangaza kwamba sera ya msukumo imefanikiwa kupita matarajio, kwa vile gari limesukumwa mpaka halihitaji tena kusukumwa, na kwamba Wizara itaendelea na kazi zake kama kawaida, isipokuwa ile inayohitaji gari.

Ndani ya pikapu, Sikudhani alikaa muda mrefu ameshika kapu kwa mikono miwili. Barabara ilikuwa inashuka katikati ya mashamba ya ndizi ya watu wengine. Mwishowe aliuliza, bila kugeuza kichwa, gari lingeweza kuwaka tangu wapi.

“Tangu getini Ikulu,” Limbende akajibu.

“Na umewaacha wazee wa watu wasukume njia yote hiyo?”

“Sikuharibu kitu, Mama Mwasiti. Hata nati moja.”

Sikudhani akautazama mguu wa kushoto wa mumewe, ule wa klachi. Ulikuwa umelala sakafuni unatetemeka, hautulii, kama mbuzi aliyefungwa kamba anayesikia kisu kinanolewa.

“Unauma?”

“Unauma vibaya.”

Sikudhani akaliweka kapu chini, akajiegemeza kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

“Basi usibadili gia,” akasema. “Twende na hiyohiyo mpaka kwa Mwasiti.”